Hadubini ya Macho Mawili

Jumamosi, 15 Machi

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na leo naliandika kwa sababu nisipoliandika litanitoka mdomoni mahali pasipo pake.

Sauti iliyozungumza na Mjomba kwenye simu Jumamosi iliyopita haikuwa ya Mama. Ilikuwa yangu.

Nianze vizuri. Mama ana maabara. Ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: meza ya vigae, sinki, kabati moja, na benchi la wagonjwa barazani. Watu wanakuja na homa, anawatoboa kidole, anapaka damu kwenye kioo, anaitia rangi, kisha anainamia hadubini kutafuta vijidudu vya malaria. Hadubini yenyewe ni ya jicho moja, kuukuu kuliko mimi, na tangu mvua za mwaka jana imeota ukungu ndani ya lenzi. Mkaguzi kampa hadi mwisho wa Aprili: awe na hadubini inayoona, au maabara ifungwe. Hatuna kazi nyingine inayotulisha. Baba alikwenda zake nikiwa na miaka minne, sipotezi wino juu yake.

Mjomba, mdogo wake Mama, husafiri mji mkubwa kuchukua vipuri vya pikipiki. Mama akamkabidhi akiba yake yote. "Niletee ya macho mawili," alimwambia kama mara kumi. "Hili jicho moja limenimaliza kichwa. Na usinunue kitu kabla hujanipigia."

Akapiga. Mama alikuwa ndani anamtoa damu mzee mmoja ambaye mshipa wake ulikuwa unajificha, na simu ilikuwa mezani karibu yangu. Mvua inapiga bati. Nikapokea.

"Dada?"

Kila mtu husema sauti yangu na ya Mama kwenye simu hazitofautiani. Nilipaswa kusema, siyo Dada, ni mimi. Lakini mimi mpaka nianze kuzungumza koo huwa limeshakauka, na Mjomba si mtu wa kusubiri.

"Dada, sikia, duka linafungwa. Ziko mbili. Hii wameandika kompaundi, ina jicho moja. Hii nyingine wameandika stirio, macho mawili, taa juu, taa chini, mali safi. Binti wa hapa hajui kitu, yeye anauza tu. Nichukue ipi?"

Kompaundi. Neno hilo nalijua, nikajiambia. Limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye geti la shule yetu, kwamba ni marufuku mwanafunzi kutoka nje ya kompaundi bila ruhusa. Kompaundi ni ua. Ni uwanja. Kwa hiyo hadubini ya kompaundi ni ya kutumia uani, huko nje. Nilipiga hesabu hiyo harakaharaka nikajiona nina akili.

"Ya kompaundi ni ya nje," nikasema. "Chukua ya macho mawili."

"Una hakika, Dada?"

"Nina hakika."

"Haya. Wewe ndiye mjuzi."

Na aibu yenyewe ni hii: nilifurahi. Sindano aliyoshika Mama haikuwa sababu pekee ya kutomwita. Kwa dakika mbili nilikuwa mtu anayeulizwa. Halafu nikaifuta ile simu kwenye orodha, kama mtu anayefuta makombo mezani kabla wageni hawajaingia.

Jumatano sanduku likafika. Mama alinawa mikono kwanza ndipo akalifungua. Akaweka kioo cha damu, akazungusha kushoto, akazungusha kulia, akakaa chini.

"Hii ni ya kuangalia kunguni," alisema. "Inakuza mara arobaini. Damu inataka mara elfu. Nilitaka kompaundi ya macho mawili. Kompaundi! Maabara gani ya damu haina kompaundi?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba kompaundi ni aina, si mahali.

"Uliona simu ya mjomba wako Jumamosi?" akaniuliza.

"Hapana."

Leo nimejaribu mbele ya kioo cha chooni. *Mama, ni mimi niliyepokea simu.* Ni maneno matano tu. Mtoto wa chekechea angeyasema.


Jumatatu, 17 Machi

Mvua kutwa. Sikusema. Karatasi imeshika unyevu na wino huu wa jeli haukauki; nikifunga daftari mapema maneno yanahamia ukurasa wa pili, kinyumenyume.


Jumatano, 19 Machi

Mama kairudia ile ya zamani. Huifungia kabatini na balbu iliyowashwa ili joto lizuie ukungu, ila mvua ikinyesha umeme nao unaondoka, na ukungu unapata nafasi yake.

Asubuhi aliniita nichungulie. "Unaona nini?"

Niliona nyuzi nyeupe zimetanda kama buibui amehamia humo na familia yake. Nyuma ya nyuzi, damu ya mtu, mbali, kama kitu kilicho nyuma ya pazia.

"Ndio ninaoshinda nao hao," akasema. Akanionyesha pia kwamba kwenye hadubini hii ukisogeza kioo kushoto, picha inakwenda kulia, na cha juu kinakuwa chini. "Mwanzo inakuchanganya. Baada ya mwaka mikono inajifunza kinyume. Mimi siku hizi hata ufunguo nauzungusha upande siyo."

Alicheka kidogo. Akasoma vioo kumi na viwili, akaegemea ukuta na kitambaa cha maji machoni. Nikafungua mdomo. Maneno matano.

Nikauliza kama anataka chai.


Jumamosi, 22 Machi

Mjomba kaja leo, amelowa mpaka soksi, na bado akaanza na utani. "Profesa!" Huniita hivyo kwa sababu nasoma kwa lugha mbili. "Leo umesema maneno mangapi? Matatu? Punguza, utachoka."

Nikatabasamu. Ndilo tabasamu lililoonekana nyumbani kwetu leo, hakukuwa na lingine.

"Nilikuambia upige kabla hujanunua," Mama akaanza.

"Nikapiga."

"Hukupiga."

"Dada, acha mzaha." Akatoa simu yake. "Jumamosi, saa kumi na dakika tano. Dada. Dakika mbili. Hii nani kaiandika, malaika?"

Mama akaichukua yake, akapekua. "Yangu haina kitu."

"Yako imechoka kama hadubini yako."

"Usinichekeshe, sina hamu. Ulizungumza na nani?"

"Na wewe! Ukaniambia ya kompaundi ni ya nje, chukua ya macho mawili. Nikakuuliza una hakika, ukasema una hakika."

"Mimi? Miaka kumi na tisa niko kwenye kazi hii, nije niseme kompaundi ni ya nje? Hata mlevi hasemi hivyo."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema mwongo. Nasema uliona hii ina taa nyingi ukaitamani."

"Dada." Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Wewe ndiye uliyenilea. Umenifunga vifungo vya shati nikienda darasa la kwanza. Nisiijue sauti yako?"

Mjomba akanigeukia, taratibu. "Au labda mtoto..."

"Huyu?" Mama alinivuta ubavuni kwake. "Huyu simu ikilia anakimbilia chooni. Huyu anamtuma jirani amuulizie bei ya daftari dukani. Usimsingizie mtoto kwa kosa lako."

Mjomba akanitazama, na macho yake yakalainika. "Kweli. Profesa hawezi."

Walinitetea wote wawili. Jambo pekee waliloafikiana leo lilikuwa mimi.

Mjomba kaondoka na ile hadubini mpya. Atajaribu kuibadilisha.


Jumapili, 23 Machi

Mvua. Sikusema.


Alhamisi, 27 Machi

Duka limekataa. Muhuri wa sanduku umeshakatwa, na isitoshe ile ya kompaundi imeshapata mtu. Mjomba kaliacha sanduku barazani bila kubisha hodi.

Akaniandikia mimi ujumbe: "Mwambie dada yangu nimejaribu."

Nikamwambia Mama. "Mwambie mjomba wako nimesikia."

Nikamwandikia. "Mwambie siku atakayokubali kwamba alisema mwenyewe, mimi nitakuja hata kwa magoti."

Nikamwambia. "Mwambie magoti ayatunze."

Mimi nisiyeweza kuuliza bei ya daftari, nimekuwa msemaji wao.


Jumatano, 2 Aprili

Biolojia. Mwalimu kachora hadubini ubaoni. Shule nzima ina moja tu, imefungiwa ofisini kwa mkuu ili isiharibike, kwa hiyo sisi tunaijua ya chaki.

"Kompaundi," akasema, kwanza kwa lugha ya darasani, halafu, kwa kuwa tulimtumbulia macho, kwa lugha ya nyumbani. "Maana yake imeungwa. Lenzi juu ya lenzi. Hii ya chini inakikuza kitu, hii ya juu inakuza kile kilichokwisha kukuzwa. Hamsini mara kumi si sitini, ni mia tano. Mmenielewa?"

Ndiyoo, tukaitikia.

Nilikaa nikilitazama lile neno. Sikujua, nikajifanya najua. Nikafuta. Nikakana. Hivyo vitu havijumlishwi.


Jumanne, 8 Aprili

Mama alikwenda kuomba kuazima hadubini maabara ya ng'ambo ya mto. Wamemwambia wanazo mbili na zote zina foleni. Alipokuwa hayupo nilifunua ile mpya.

Sitaki kuipenda lakini ni nzuri. Niliweka punje za chumvi, zikawa vyumba vya vioo. Niliweka sisimizi aliyekufa, nikaona ana nywele miguuni. Niliweka kidole changu, nikaona mistari ya kidole ina vitundu vidogo vya jasho, kimoja kimoja, na jasho likichomoza. Na haigeuzi kitu. Kushoto ni kushoto, juu ni juu. Kila kitu kinaonekana kilivyo, kikubwa, na hakimsaidii mtu yeyote.

Nimepata pa kuficha daftari hili. Chini ya sponji ya sanduku lake. Mama hapaangalii kabisa pale.


Ijumaa, 11 Aprili

Siku ya tatu mto umejaa. Maji yamepanda juu ya daraja. Sikusema.


Jumanne, 15 Aprili

Naandika polepole ili nisikosee.

Fundi cherehani wa kona ana binti wa miaka mitano tunayemwita Kifungo. Kila siku huketi chini ya meza ya baba yake akipanga vifungo kwa rangi, na ukipita atakuuliza, "Shati lako lina vingapi?" Mimi husubiri aniulize. Ni mtu pekee ninayemjibu bila koo kukauka.

Jumamosi asubuhi baba yake alimleta mgongoni. Homa. Vile vipimo vya haraka vya kudondoshea damu viliisha tangu mwezi uliopita, na gari la dawa halijavuka mto. Mama alimtoboa kidole. Kifungo hakulia, aliniambia tu, "Dada, lako lina sita."

Mama alikaa kwenye hadubini muda mrefu kuliko kawaida. Alifuta lenzi, akasoma tena. Alihamia dirishani kwenye mwanga. Akanawa uso, akasoma mara ya tatu.

"Sioni kitu," alimwambia fundi. "Lakini lenzi yangu si nzuri. Ningekuambia umpeleke ng'ambo."

"Ng'ambo nitapita wapi, mama? Nipae?"

"Basi mpe dawa ya kushusha homa. Mrudishe kesho. Hata akiamka mzima, mrudishe."

Jumapili Kifungo aliamka akicheka, akala uji, akapanga vifungo. Fundi hakumrudisha. Nani angemrudisha? Mama alimtuma mtu kumkumbusha, fundi akasema mtoto yuko sawa, Mungu akubariki.

Jana mchana tulisikia mkewe anapiga kelele. Kifungo alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka juu. Wanaume wanne walimvusha daraja, maji kiunoni, wamemnyanyua juu ya vichwa kama mzigo usiotakiwa kulowa. Niliwaona kutoka barazani. Mguu wake mmoja ulikuwa na kiatu.

Leo habari imefika kutoka hospitali. Malaria, imepanda kichwani. Yu hai, hajaamka.

Mama alikitoa kile kioo cha Jumamosi kwenye boksi. Huvitunza wiki mbili. Akakiweka tena, akatazama, akatazama. Halafu akaniita.

"Njoo wewe mwenye macho mapya. Pale pembeni, chini ya nyuzi."

Niliangalia. Nyuma ya buibui, kama ukijua unachokitafuta, palikuwa na pete ndogo ya zambarau, umbo la kijidudu cha malaria. Na nyingine. Na nyingine.

"Zipo," nikasema.

"Zilikuwepo," Mama akasema.

Alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Sijawahi kumwona akikaa pale. Nilisimama mbele yake nikiwa na maneno matano mdomoni, yote yamepangwa, na nikaona kwamba sasa hayatoshi. Mwezi mmoja uliopita yalikuwa ni kosa la simu. Leo yana mtoto ndani yake.

Nikamshika bega. Akanipigapiga mkono. "Wewe ni mtoto mzuri," akasema.


Jumatano, 16 Aprili

Hajaamka.


Alhamisi, 17 Aprili

Kaamka.


Ijumaa, 25 Aprili

Kifungo yuko nyumbani. Nilikwenda. Alikuwa chini ya meza na vifungo vyake, kakonda, kanyolewa. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe niliiogopa.

"Usijisumbue, mwanangu," fundi alisema bila kuacha kukanyaga cherehani. "Masikio yamebaki huko huko. Wanasema labda yatarudi. Labda."

Kifungo aliponiona alinyoosha kidole kwenye shati langu, akahesabu kwa midomo, akaonyesha vidole sita.

Halafu fundi akanipa kitambaa kilichokunjwa. Nilikuwa nimekisahau. Mwezi wa pili Mama alimwagiza kifuniko cha hadubini mpya, na yeye kakimaliza, pindo mbili, kamba ya kufungia. "Mpelekee mama yako. Mwambie simlaumu. Aliniambia nimrudishe."

Nilimpelekea. Mama alikivalisha ile ya macho mawili, akafunga kamba, akatoka akaenda kusimama uani kwenye mvua.


Jumanne, 29 Aprili

Mkaguzi kaja na mwavuli na mkoba wa plastiki. Ni mtu mpole, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alifunua kifuniko, akachungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii ni nzuri sana, mama. Kwa mbegu. Kwa wadudu wa nafaka. Ungekuwa bwana shamba ningekupa mkono." Kisha akachungulia ya zamani, akanyanyuka taratibu. "Hii hapana."

"Nipe hadi Juni," Mama akasema.

"Nilishakupa hadi Aprili."

"Mvua zikiisha ukungu unapungua."

"Mama," alisema, "wewe mwenyewe ungempima mwanao kwa hii?"

Mama akamsaidia kushika karatasi ya kufunga maabara mlangoni wakati anapaka gundi.

Ilichukua robo saa. Benchi tumeliingiza ndani.


Jumapili, 4 Mei

Kuna kitu kipya na sikukitegemea, na kinanitisha kuliko karatasi ya mkaguzi.

Mama anaandika. Ameweka kijidaftari kwenye mfuko wa kanga. Nilidhani ni hesabu za matumizi. Leo alikiacha sinkini nikakisoma. "Nimezima jiko." "Nimempa mtoto nauli." "Fundi maji alisema Jumanne, SI Jumatano." Kurasa na kurasa.

Aliporudi akanikuta nacho mkononi.

"Nisikufiche," akasema. "Mjomba wako si mwongo. Nimemlea, namjua. Akidanganya sikio la kushoto linakuwa jekundu. Siku ile halikuwa jekundu."

"Mama..."

"Ngoja. Kama yeye si mwongo, basi nilisema. Nilisema na sikumbuki. Na kama naweza kusema kitu kama kile kisha nikasahau, basi labda siku ya Kifungo tatizo halikuwa lenzi." Alijigonga kichwani kwa kidole kimoja. "Bibi yako ugonjwa wa kusahau ulimwanza hivihivi. Alianza kwa kusahau majina ya vikombe."

Sitasahau alivyolitamka. Majina ya vikombe.

Sasa hivi yuko jikoni. Namsikia anafungua kifuniko cha sufuria, anafunga, anafungua tena kuhakikisha.

Na bado sikusema. Jamani, bado sikusema. Sijui nimetengenezwa kwa nini.


Ijumaa, 9 Mei

Mvua imepungua. Haina maana tena.


Alhamisi, 15 Mei

Simu imelia saa kumi. Mama ameiacha nyumbani, siku hizi anaiacha ovyo, halafu anaandika kwamba ameiacha. Kwenye kioo pameandikwa jina la Mjomba. Hajapiga tangu Machi.

Nimepokea ili niseme. Naapa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"Dada?" Sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ile ya utani. "Usikate. Nisikilize tu. Nimesikia habari za mtoto wa fundi, na maabara. Nimekaa nimefikiri. Mvua ilikuwa inapiga bati kwako, binti wa duka ananipigia kelele huku. Labda nilisikia nilichotaka kusikia. Labda ulisema ya nje ndiyo nisichukue, mimi nikageuza. Ni mimi, Dada. Nimekubali. Nisamehe."

Alikuwa analia. Mjomba, ambaye msibani ndiye huwachekesha watu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, siyo Dada, ni mimi, na wewe hukugeuza kitu, ulisikia sawasawa. Koo likakauka. Akasubiri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mjomba alisubiri.

"Yamekwisha," nikasema.

"Kweli, Dada?"

"Kweli."

"Mungu akuweke. Jumapili nakuja. Nitakuja na keki ya Profesa."

Nilikata. Kidole kikaenda chenyewe kufuta. Nimemsamehe mtu asiye na kosa, kwa niaba ya mtu asiyejua, kwa sauti isiyo yangu. Lenzi juu ya lenzi.


Ijumaa, 16 Mei

Sikusema.


Jumamosi, 17 Mei

Mama kaniuliza kama leo ni Ijumaa. Nilipomwambia ni Jumamosi akatoa kijidaftari, akaandika.


Jumapili, 18 Mei

Jua limetoka tangu asubuhi. Niko maabara, kwenye meza ya vigae, sanduku wazi mbele yangu. Mlango wa barazani una karatasi ya mkaguzi, tunaingilia mlango wa ndani.

Mjomba kafika. Nimemsikia getini akimwita Mama kwa furaha, na Mama akishtuka, kisha naye akifurahi, hata kanga ikamdondoka, nimeiona kupitia dirisha. Wamekumbatiana. Kwa muda mfupi nilidhani labda itapita hivyo hivyo. Watafurahi tu na hakuna atakayetaja.

Wamekaa ngazini, chini ya dirisha hili. Naandika wanayoyasema.

"Nashukuru ulivyonijibu," Mjomba kasema. "Nilijua utanifokea."

"Nilivyokujibu lini?"

"Juzi. Kwenye simu. Uliposema yamekwisha."

Najua Mama anafanya nini. Anatoa kijidaftari. Nasikia kurasa.

"Alhamisi?" kauliza. "Alhamisi saa ngapi?"

"Saa kumi hivi. Dada, nini?"

"Saa kumi." Kurasa. "Nimeandika hapa. Saa tisa hadi saa kumi na moja nilikuwa kwa fundi cherehani. Nimekaa na Kifungo, namfundisha kusoma midomo. Simu niliiacha mezani." Nasikia akikifunga kijidaftari. "Simu niliiacha nyumbani, mdogo wangu."

"Sasa nimezungumza na nani?"

Kuna jogoo wa jirani, na maji yanadondoka kutoka kwenye mfereji wa bati, moja, moja.

"Yuko wapi?" Mama kauliza. Hakuuliza kwa hasira. Heri ingekuwa hasira.

Wameinuka. Ndara za Mama, na viatu vya Mjomba vinavyolia. Wanapita sebuleni. Sponji iko mkononi mwangu, sanduku liko wazi, na muda wa kuficha haupo. Nimeyaandika hapa chini angalau: *Mama, ni mimi niliyepokea simu.* Nitafunika ukurasa huu kwa kiganja, basi. Ila karatasi bado ina unyevu na wino haujakauka, na Mama atakapouinua mkono wangu atayakuta maneno yote matano kwenye ngozi, kinyumenyume, kama macho yake yalivyozoea kusoma.